Prado ya 1999 na njia ya Mngeta: niweke tairi za 285 au nibaki na 265?

Binti_Mngeta:
Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela.

Nina Prado ya mwaka 1999, lile umbo la zamani, injini ya dizeli 1KZ, gia otomatiki. Lilikuwa gari la baba. Alipofariki mwaka juzi tulikaa kikao nyumbani tukakubaliana libaki kwangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayehudumia shamba. Shamba ni la mpunga, liko Mngeta, bonde la Kilombero. Ninaishi Morogoro mjini na msimu wa kilimo ninakwenda kila baada ya wiki 2.

Mpaka Ifakara sina shida. Shida inaanza nikishika njia ya Mlimba, na hasa nikichepuka kuingia shambani, kilomita 9 za njia ya matrekta. Kiangazi ni vumbi tu. Masika yakishika, ule udongo mweusi unalowa na kunata kwenye tairi mpaka kashata (meno ya tairi) hazionekani tena, unaona duara la udongo linazunguka. Halafu matrekta yamechimba mifereji miwili na katikati wameacha tuta. Nikiingia kwenye mifereji, tumbo la gari linakaa juu ya tuta na tairi zinabaki kuteleza.

Mwezi wa 4 nililala njiani, ndani ya gari, na mifuko 14 ya urea nyuma, mvua inanyesha usiku kucha. Asubuhi trekta la jirani lilikuja kunivuta. Lilipovuta, kile kibati cha kukinga chini ya injini kikabaki kwenye tope.

Tairi nilizonazo ni 265/70R16 za lami (265 ni upana kwa milimita). Muuza tairi mmoja Dar amenishauri 285/75R16 MT, zile za matope, laki 7 na 20 kwa moja, na anasema zinaingia bila kugusa popote. Fundi wangu hapa Morogoro anasema zitagusa, kwa hiyo tuweke spesa (vipande vya kuinua springi) za sentimita 5 mbele na nyuma. Binamu yangu anasema nisijitie gharama, ninunue mbili tu za nyuma. Watu watatu, na kila mmoja ana uhakika na jibu lake.

Sihitaji gari la kutazamwa barabarani. Ninachotaka ni nifikishe mbegu na mbolea na nirudi kwa wanangu siku hiyo hiyo. Na sitaki kuliharibu gari hili, baba alilitunza sana.

Fundi_Sakina:
Marahaba binti. Pole kwa msiba wa mzee, na pole kwa usiku ule. Niko Arusha, nimefunga na kutengeneza magari ya kupeleka wageni mbugani kwa miaka 21, na Prado za umbo hilo zimepita nyingi mikononi mwangu. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu hela unayotaka kutoa si ndogo.

Tuanze na hesabu, muuza tairi hakukufanyia. 265/70R16 ina kimo cha milimita 777 kutoka chini hadi juu. 265/75R16 ni 804. 285/75R16 ni 834. Lakini gari linapanda kwa nusu ya tofauti tu, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa hiyo 265/75 itakupa milimita 13, na 285/75 itakupa 28. Hapo ndipo ujiulize kama hizo 15 za ziada zinastahili mambo yote yatakayofuata.

Spesa za fundi wako zitainua bodi na chesisi. Difu ya nyuma (kile kibuyu cha gia kwenye ekseli) hazitaiinua hata kidogo, maana ekseli ya nyuma ya Prado hiyo ni moja, imenyooka kutoka tairi hadi tairi, na difu imening'inia katikati. Kitu pekee kinachoinua difu ile kutoka ardhini ni kimo cha tairi. Na kwenye tuta la katikati ya njia, difu ndiyo inayolima.

Kuhusu kugusa: 265/75 kwenye Prado nyingi za umbo lako inaingia. Ukikata kona mpaka mwisho inaweza kulamba madigadi ya mbele, tunaisogeza kidogo, basi. 285/75 itagonga mauntingi (kishikio) ya bodi iliyo kwenye chesisi, nyuma ya tairi la mbele. Wanaozifunga vizuri wanakata pale na kuchomelea upya. Mimi gari la miaka hiyo, limeshapita kwenye matope na maji, sikati chesisi yake kwa ajili ya tairi.

Sasa jambo ninaloliogopa kuliko yote, na hakuna kati ya hao watatu aliyelitaja: bolijointi za chini za mbele, vile viungo vinavyoshikilia magurudumu. Kwenye Prado hiyo zimefungwa kwa namna ambayo uzito wa gari unazivuta zitoke, badala ya kuzikandamiza ziingie. Ikichakaa hailii muda mrefu kukuonya. Siku moja inachomoka, tairi linalala, na gari linapiga magoti. Nimeletewa gari la namna hiyo, aliyekuwa akiendesha alikuwa anaingia sheli kwa mwendo wa miguu, Mungu alimsaidia. Tairi kubwa na nzito inaongeza kazi ya bolijointi. Niliwahi kuweka 285 MT kwenye mzani hapa gereji, ilikuwa kilo 28 bila rimu. Badilisha bolijointi za chini zote mbili, spea halisi, kabla ya kununua tairi yoyote. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, iwe hicho.

Injini nayo. Tairi ndefu ni sawa na kumnyang'anya dereva nusu ya gia. 1KZ ni injini nzuri, lakini haisamehi joto, ikichemka silinda hedi inapasuka. Kwa 265/75 hutaona tofauti kubwa, ni asilimia 3 na kidogo. Kwa 285/75 ni zaidi ya 7: dashibodi ikisoma 100 unatembea 107 ukilinganisha na tairi za sasa, na tochi ya trafiki haiangalii dashibodi yako. Kurudisha nguvu ile itabidi ubadilishe meno ya difu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, na huko ni mbali.

Binamu mwambie ahsante, lakini hapana. Prado hiyo inaendesha tairi zote 4 muda wote. Ukiweka kimo tofauti mbele na nyuma, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi kila mita ya lami kutoka Morogoro hadi Ifakara. Nunua 5, kwa sababu hata tairi ya spea lazima ilingane.

Maswali mawili kwako. Mifuko 14 ilikuwa ya kilo 50? Hiyo ni kilo 700 kabla hujakaa wewe na kabla ya dizeli. Na la pili: ulipokwama, ile gia ndogo pembeni ya gia kubwa ilikuwa kwenye H au HL?

Mwana_wa_Tana:
Dada yangu, salamu kutoka Tana Delta, Kenya. Huku kwetu ukiacha lami ya Garsen kuingia vijiji vya Ngao na Tarasaa, ni huo huo udongo mweusi wako. Mvua ikinyesha robo saa tu, hata mwenye pikipiki anaibeba.

Mimi simkatazi mtu tairi kubwa, lakini upana nisikilize. Gari yangu ni Land Cruiser ya kazi, tairi 7.50R16, nyembamba kama za lori dogo. Zinakata tope na kutafuta ardhi ngumu chini. Rafiki yangu mwenye tairi pana anasukuma tope mbele yake kama jembe, mpaka gari inasimama. Hizi zangu hazifai kwa ringi zako, ringi za Prado ni pana mno, usije ukadanganywa dukani. Nasema tu ujue kwamba 285 haikusaidii kwa upana wake kama chini pana ardhi ngumu. Kama tope halina mwisho, hapo pana inaelea, ni habari nyingine. Wewe chukua fimbo, uichomeke kwenye hiyo mifereji ya trekta uone inagota wapi.

Na shusha upepo. Mimi nikifika mwisho wa lami nateremka hadi PSI 20, tairi inalala chini, inashika. Nikirudi najaza tena kwa pampu ndogo ya betri. Usikimbie na upepo mdogo, na usikate kona kwa nguvu, tairi itavuka ringi. Hiyo pampu ni bei ya chini sana ukilinganisha na tairi moja.

Prado_Makambako:
Mimi nilifanya hicho hicho unachotaka kufanya, gari kama lako, la mwaka 2000. 285/75 MT na spesa za sentimita 5, gereji moja walinihakikishia hakuna tatizo.

Matopeni lilipita, nisiwe mwongo. Nilikuwa napeleka mbao na njia zilizonishinda zamani nikazipita. Lakini mwezi wa 4 tangu zifungwe, mipira ya sivijointi za mbele (viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu) ikachanika yote miwili, grisi imetapakaa ndani ya rimu. Spesa ziliinua mbele mpaka shafti zikawa zimeinama kupita kiasi. Nikabadilisha, zikachanika tena. Alaimenti haikukubali, wakawa wananiambia "imefika karibu", na tairi zikaliwa upande wa ndani.

Halafu spea. Si unajua inaning'inia kwenye mlango wa nyuma? Tairi ile nzito, barabara ya mawe, bawaba ya chini ikaanza kupasuka. Nikawa nafungua mlango kwa kuunyanyua na bega. Mke wangu alikuwa hawezi kuufungua kabisa.

Nimerudi 265/75R16, spesa nimetoa, springi mpya. Nina mwaka wa 2 sasa na sivijointi hazijachanika tena. Ninakwama mara chache kuliko nilivyotegemea.

Binti_Mngeta:
Ahsanteni sana. Nilisoma majibu yenu usiku, asubuhi nikaenda gereji kabla ya kufungua duka.

Fundi, ilikuwa H. Sikuwahi kuigusa ile gia ndogo tangu nikabidhiwe gari. Nilijua Prado inavuta tairi zote, nikadhani imetosha. Baba alipokuwa hai nilikaa kiti cha abiria, namkumbuka akisimama mwisho wa barabara nzuri, anavuta kitu, halafu anaendelea. Sikuwahi kumuuliza anavuta nini.

Na ndiyo, mifuko ilikuwa ya kilo 50.

Tumelipandisha kwenye jeki. Bolijointi ya chini ya kulia inacheza, kwa mkono kabisa, bila nondo. Fundi wangu mwenyewe alinyamaza. Wiki hii gari halitoki mpaka zije mbili mpya. Springi za nyuma tulipima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, upande wa kushoto umeshuka sentimita 3 kuliko wa kulia.

Nimeacha 285. Ninakwenda na 265/75R16, tano. Mifuko nitapeleka 7 kwa safari, nyingine zipande lori la mwenzangu mpaka Mngeta. Pampu nimeagiza.

Nimebakiwa na moja: AT (za njia mchanganyiko) au MT? Barabara yangu sehemu kubwa ni lami, lakini zile kilomita 9 ndizo zinazonilaza njiani.

Fundi_Sakina:
Umefanya vyema kulisimamisha gari. Yule mzee alikuwa anavuta HL. Kwenye H, difu ya katikati iko wazi, tairi moja likiteleza nguvu yote inakimbilia hapo na mengine yanasimama. HL inaifunga, mbele na nyuma zinasukuma kwa pamoja. Weka HL ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, usisubiri uwe umeshazama. Ukirudi lami irudishe H, usisahau. Kwenye tope zito tumia LL, ile ya gia za chini zenye nguvu, gari likiwa limesimama na gia kubwa iko N, halafu nenda polepole bila kukanyaga mafuta kwa hasira.

AT au MT: udongo wako mweusi unajaza kashata za AT haraka. MT zina nafasi kubwa, zinatema tope tairi likizunguka. Lakini kwenye lami yenye maji MT nyingi zinateleza na breki inachukua urefu zaidi, na wewe una lami ndefu na watoto wanakusubiri. Mimi ningekufungia AT yenye kashata za pembeni zilizochongoka, niwe na HL na upepo 20 kwa kilomita 9. Mwenzangu wa Makambako anaweza kuniambia vingine, yeye anabeba mbao, simpingi.

Dukani, angalia namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa miaka dukani kwenye joto la Dar usiichukue hata kama kashata zinang'aa. Angalia zote 5, mara nyingi wanachanganya moja ya zamani katikati.

Zikifungwa, piga alaimenti baada ya bolijointi na springi, si kabla. Na ukifika Mikumi simama, kaza nati tena za magurudumu yote 4.

Prado_Makambako:
Sikupingi fundi, AT inamtosha. Dada, ile bawaba ya mlango wa nyuma mwambie fundi aipake grisi na aikague siku hiyo hiyo. Hata 265/75 ina uzito.