Sindano ya aleji Illinois: sheria ya dola 60 inamhusu nani?

MamaZuu: Jamani habari zenu, mlioko jimbo la Illinois huku Marekani naomba msaada. Mwanangu ana miaka 7, aleji ya karanga mbaya sana, mwaka jana alivimba midomo akashindwa kupumua mpaka tukaita 911, namba ya dharura. Juzi nimeenda famasi kuchukua EpiPen, ile sindano yake ya dharura ya kujidunga, naambiwa dola 300 na ushee, na mimi nilisikia kuna sheria isizidi 60. Halafu shuleni sindano yake inafungiwa kabatini kwa nesi, na nesi mwenyewe anakuja siku mbili tu kwa wiki, sasa akila kitu siku nesi hayupo funguo anayo nani?? Silali.

BabaKevo: Pole mama. Si umwekee Piriton kwenye begi, sisi tumekua hivyo hivyo.

NesiTatu: BabaKevo hapana ndugu yangu, hapo mtoto anaweza kufa. Piriton inatuliza mwasho na vipele, koo likianza kuziba haizibui. Kinachookoa ni adrenalini, dawa iliyo ndani ya EpiPen, unadunga paja kwa nje hata juu ya suruali, halafu unapiga 911 hata kama amepata nafuu maana dawa ikiisha nguvu hali inaweza kurudi, ndio maana zinauzwa mbili mbili.

MamaZuu sheria ipo, imeanza tarehe 1 Januari 2025, pakiti ya mbili usitozwe zaidi ya dola 60. Ila inazibana bima zinazosimamiwa na jimbo tu. Makampuni mengi makubwa yanalipia matibabu ya wafanyakazi kwa hela yao wenyewe, kadi ina jina la bima lakini bima ni karani tu, na hizo jimbo haliwezi kuzigusa, ziko chini ya sheria ya taifa. Muulize HR, ofisi ya wafanyakazi kazini kwako: kampuni imenunua bima au inajilipia yenyewe? Kama inajilipia, mwambie daktari aandike ile isiyo na jina la EpiPen, dawa ni hiyo hiyo.

Shuleni sasa. Illinois mwanafunzi anaruhusiwa kubeba sindano yake, na shule inaruhusiwa kuweka za kwake zisizo na jina la mtoto yeyote, wafanyakazi waliofundishwa wakadunga. Obama alisaini sheria 2013 ya kuyapa majimbo yanayozilazimisha shule kuweka sindano hizo kipaumbele kwenye ruzuku za taifa za kutibu pumu. Wa miaka 7 bado mdogo kujidunga, dai mwalimu wake wa darasa afundishwe na sindano ikae darasani, iandikwe kwenye mpango wa dharura wenye sahihi ya daktari. Usikubali kuambiwa kwa mdomo.

Mwanamvita: Mkija likizo Mombasa bebeni zenu na barua ya daktari. Huku adrenalini iko hospitali, ya chupa, hiyo ya kujidunga kuipata ni kazi kwelikweli.

MamaZuu: Nesi Mungu akubariki. Nimemuuliza HR, kazini kwangu wanajilipia wenyewe, kumbe ndio maana. Bima ya baba yake je, yeye amejinunulia mwenyewe kwenye soko la jimbo, nikimhamishia mtoto huko itakuwa 60?

NesiTatu: Hiyo ndiyo inayobanwa. Ila piga hesabu ya mchango wa bima wa kila mwezi kwanza kabla hujamhamisha.