Mrejesho: Linux kwenye kilaptopu cha Atom imekubali, kasoro spika

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini flashi ya Linux (mfumo endeshi wa bure, mbadala wa Windows) haisomi kwenye kilaptopu chenye prosesa ya Intel Atom Bay Trail, ramu GB 2, eMMC (hifadhi ya ndani) GB 32. Aliyesema prosesa ni ya biti 64 ila UEFI yake (programu ya ndani inayowasha mashine kabla ya mfumo) ni ya biti 32 alilenga penyewe. Nimezima Secure Boot (ulinzi unaozuia kuwasha mifumo isiyoidhinishwa), nikaweka faili la bootia32.efi (kiwashio cha biti 32) kwenye folda ya EFI/BOOT ya flashi, ikawaka.

Nimeweka Debian 12 (toleo mojawapo la Linux) na LXQt (mwonekano mwepesi wa skrini). Hakikisheni inaingia grub-efi-ia32, yaani GRUB (kiwashio cha Linux) ya UEFI ya biti 32. Ikiingia ya amd64 (biti 64), ukichomoa flashi mashine haiwaki. Waifai (chipu yake ni RTL8723BS) imeshika yenyewe, maana Debian 12 inakuja na fimwea (programu ndogo za kuendesha vifaa) ndani, hakuna kuchoma bando kusaka draiva.

Kuganda ovyo kumekoma baada ya kuongeza intel_idle.max_cstate=1 (inazuia prosesa kulala usingizi mzito) kwenye faili la mipangilio /etc/default/grub kisha kuendesha amri ya update-grub, ingawa sasa chaji inaisha mapema.

Spika zimegoma kabisa. Kadi ndogo ya sauti ya USB, zile za Kariakoo mlizonielekeza, ndiyo imeokoa: hedifoni zinasikika safi.