Kompyuta mpakato inapata anwani ya 169.254 ninapochelewa kufika dukani

Bi_Hesabu

Ndugu zangu, naomba msaada. Ninatunza hesabu katika duka la vifaa vya ofisi ambalo huwaruhusu wateja kutumia Wi-Fi wanaposubiri kazi zao zichapwe. Kompyuta yangu mpakato inatumia Windows 10, na nimeiacha ipokee yenyewe anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni. Nikifika asubuhi na mapema huunganika vizuri, lakini nikianzia benki na kufika mchana, inashika Wi-Fi bila kupata intaneti, na nikiandika amri ya ipconfig naona anwani inayoanza na 169.254, ilhali kompyuta ya kaunta, ambayo huwashwa duka linapofunguliwa, ina anwani ya 192.168.1 na haijawahi kusumbua. Nyumbani kompyuta yangu haina tatizo lolote. Fundi mmoja amenishauri ninunue kadi mpya ya Wi-Fi. Je, kweli kadi imekufa?

fundi_waya

Dada, usitoe fedha yako bado. Kadi iliyokufa haiwezi kufanya kazi nyumbani kila siku. Anwani ya 169.254 ni ile ambayo Windows hujipangia baada ya kuomba anwani kwa DHCP, yaani huduma inayogawa anwani mtandaoni, na kukosa jibu. Kwa kawaida kompyuta hutangaza ombi mtandaoni, ruta (kifaa kinachotoa Wi-Fi) hupendekeza anwani, kompyuta huiomba anwani hiyo, kisha ruta huithibitisha. Kwako mazungumzo hayo hayafiki mwisho. Tatizo likijirudia, andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Ukiletewa ujumbe kwamba seva ya DHCP haikufikiwa, mtazame mwenye kugawa anwani, yaani ruta.

Mtunza_Mtandao

Ninakubaliana na fundi, na ningependa tuitazame saa, kwa sababu ndiyo inayosema mengi hapa. Ruta haigawi anwani moja kwa moja. Huiazimisha kwa muda maalumu, na kifaa kinachobaki mtandaoni huomba kuongezewa muda nusu ya ule wa awali inapopita. Mteja anayeondoka na simu yake kwa kawaida hairudishi anwani, hivyo hubaki imeandikwa kwa jina la simu hiyo hadi muda uishe. Ninashuku kwamba ufikapo mchana fungu lote la anwani za kugawa limekwisha. Ingia kwenye ruta kupitia kompyuta ya kaunta, utafute ukurasa wa DHCP, kisha utuambie anwani zinaanzia wapi, zinaishia wapi, na zinaazimishwa kwa muda gani.

Bi_Hesabu

Nimeuona ukurasa huo. Zinaanzia 192.168.1.100 na kuishia 192.168.1.149, na muda ni dakika 1440. Orodha ya vifaa imejaa, na karibu vyote ni simu, ingawa muda huu dukani kuna wateja wawili tu.

Mtunza_Mtandao

Basi chanzo ni hicho. Una anwani 50, na kila moja inashikiliwa saa 24 hata kama mteja alikaa dakika kumi. Punguza muda uwe dakika 120, na upeleke mwisho wa fungu hadi 192.168.1.199. Kabla ya kuhifadhi mabadiliko, angalia anwani ya printa: printa nyingi za ofisini hupewa anwani kwa mkono, na kama yake imo ndani ya fungu jipya, ipo siku simu ya mteja itapewa anwani hiyo hiyo na uchapaji utakwama bila sababu inayoonekana. Ikiwa hivyo, lipunguze fungu liishie chini yake.

Kuwasha ruta upya kunaweza kuifuta orodha na kukupa nafuu ya siku moja, lakini sikushauri kuutegemea ufumbuzi huo, kwani ruta iliyosahau ilichoazimisha inaweza kuitoa tena anwani ambayo kifaa kingine bado kinaitumia.

fundi_waya

Niongeze kwamba unaweza kuiwekea kompyuta yako anwani ya kudumu katika ruta hiyo hiyo kwa kutumia anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao, ambayo utaiona ukiandika ipconfig /all. Hakikisha kwanza kwamba katika mipangilio ya Wi-Fi ya Windows umezima matumizi ya anwani za MAC za kubahatisha, la sivyo ruta huenda isiitambue. Na kwa kuwa kompyuta hiyo ina hesabu za duka, ikiwa ruta yenu inaweza kutoa mtandao wa pili wa wageni, wahamishie wateja huko leo hii.