Mnaobandika fomula za gleizi zenye boraksi na magadi bila maelezo, mnatuharibia vyombo

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sipunguzi ukali. Kila mara mtu anaibuka na fomula ya gleizi, ule mpako unaoyeyuka tanurini ukawa kioo juu ya chombo cha udongo: boraksi 30, magadi 10, kaolini (udongo mweupe) 20, silika (unga wa mawe ya kwazi) 40, changanya na maji, chuja, paka. Kwisha. Watu wanapaka, wanachoma, wanafungua tanuri na kukuta gleizi ya mdomoni imetiririka hadi imegandisha chombo kwenye rafu, huku tumboni pamebaki pakavu kama msasa. Wakiuliza, jibu ni lile lile: "Tanuri lako bovu." Tanuri limekosa nini?

Boraksi na magadi huyeyuka kwenye maji. Kwenye nyuzijoto 20, mililita 100 za maji hubeba takriban gramu 5 za boraksi, na magadi yaliyosafishwa hupita gramu 20. Kilichoyeyuka hakikai na unga, kinafuata maji yanakokwenda. Chombo cha mchomo wa kwanza, yaani kilichochomwa kabla ya kupakwa gleizi, kinanyonya maji, na sehemu ya boraksi inazama ukutani. Maji yakianza kukauka hutokea zaidi mdomoni na kwenye mkono wa kikombe, kwa kuwa huko ndiko hewa inakopiga, na huko ndiko yanakoacha mzigo wake. Kiyeyushi, yaani kile kinachoifanya gleizi iyeyuke, kimehamia ukingoni kabla hujawasha moto!

Halafu huu ushauri: "Ikiwa nyepesi, iache itulie, mwaga maji ya juu." Kwa gleizi ya feldspa (madini ya mawe yaliyosagwa), chokaa na silika ni sawa kabisa, kwa kuwa haziyeyuki kwenye maji. Kwa hii ya kwenu, maji ya juu NDIYO kiyeyushi. Umemwaga boraksi chooni na umebaki na matope yasiyoyeyuka. Wa pili anashauri kutupa punje ngumu zinazobaki kwenye chujio la meshi 80 (matundu 80 kwa inchi). Ndoo ikilala kwenye baridi ya Njombe au Limuru, boraksi hujirudia kuwa fuwele. Ukizitupa umebadilisha fomula. Ziyeyushe kwa maji ya moto kidogo, uzirudishe.

Na boraksi ipi? Ile ya kawaida ina maji ndani yake, karibu 47% ya uzito. Iliyokaushwa kabisa haina, kwa hiyo gramu 53 zake zinafanya kazi ya gramu 100 za kawaida. Anayeandika "boraksi 30" akanyamaza hajasema kitu. Ya kawaida pia huumuka tanuri linapopanda, inabandua gleizi vipande vipande. Ndiyo maana moto wa mwanzo uende taratibu.

Magadi ya sokoni ni balaa zaidi. Yale ya mawe, ya Ziwa Magadi, ni trona, madini ya magadi yaliyoshikana na maji na bikaboneti: hata yangekuwa safi, gramu 100 zinakupa takriban 70 tu za magadi ya kiwandani. Na safi si, yana chumvi na mchanga. Chokaa nayo hivyo hivyo. Fomula nyingi za nje zinadhani ni kalisi kaboneti, mtu anachukua ya kupaka ukuta, ambayo imeshazimwa kwa maji. Gramu 74 za hiyo ndizo sawa na 100 za kaboneti, tena inaunguza ngozi na kuifanya gleizi igande ndooni.

Majivu angalau mseme: yaliyooshwa au la? Yasiyooshwa yana potashi inayoyeyuka, yanayeyusha zaidi na hayatabiriki. Vaa glavu, loweka, mwaga, rudia hadi maji yasiwe na utelezi. Kisha majivu 40, feldspa 40, kaolini 20 ni mwanzo mzuri wa majaribio kwenye nyuzijoto 1,250 hadi 1,280. Juu ya kipande cha jaribio, si seti ya mteja.

Dawa ya kweli ni friti: boraksi iliyeyushwa pamoja na silika ikawa kioo, ikamwagwa kwenye maji baridi, ikasagwa. Hapo boroni, ile sehemu ya boraksi inayoyeyusha, imefungwa, haiendi na maji. Ila friti ina silika yake, ipunguze kwenye fomula, usibadilishe gramu kwa gramu. Ukikosa friti, changanya ya kumaliza siku hiyo hiyo, maji kidogo, mililita 100 za gleizi iliyochanganywa ziwe na uzito wa gramu 145 hadi 150. Mchomo wa kwanza ufike nyuzijoto 1,050 ili chombo kisinyonye sana. Punguza unene mdomoni kwa sifongo. Na barakoa ya vumbi mnapopima silika, kitambaa cha pua hakizuii kitu.

Kuanzia leo, fomula isiyotaja joto, aina ya boraksi na aina ya chokaa nitaijibu kwa maswali hayo matatu hadi mwenyewe aifute. Na mwenye friti ya boroni anayeuza kwa kilo Dar au Nairobi, si gunia zima, aweke bei hapa.