Tupeane uzoefu: Ulipopata shida chuoni, uliweza kubisha hodi kwa mlezi wa wanafunzi?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu mliosoma au mnaofanya kazi katika vyuo vikuu vya makanisa, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo moja. Karibu kila chuo cha namna hii kina kitabu cha kanuni za mwenendo ambacho mwanafunzi hukitia sahihi wakati wa usajili, na kina pia huduma za ustawi zinazohusu malazi, afya, unasihi na wale waliokwama ada. Mara nyingi yote mawili huwekwa mikononi mwa mlezi wa wanafunzi, kiasi kwamba anayekusikiliza unapolia ndiye huyohuyo atakayekuandikia barua ya wito. Nataka kujua mliishije na hali hiyo.

Naanza na langu. Mwaka wa pili nilikaa chumba kimoja na mwenzangu ambaye nilimwona akibadilika taratibu. Alianza kuvaa sweta kubwa hata mchana wa jua kali, akaacha kwenda bwaloni pamoja nasi, akawa anaoga usiku wa manane bafu likiwa tupu. Aliponifungulia moyo mimba ilikuwa ya miezi sita, na neno lake la kwanza halikuwa juu ya mtoto. Aliniuliza kama naukumbuka ukurasa wa kitabu cha kanuni uliosema kwamba ujauzito nje ya ndoa ni kosa la kusimamishwa masomo. Zahanati ya chuo ilikuwa hatua chache kutoka bwenini, lakini hakuikanyaga, kwa sababu kila mtu alijua kwamba taarifa za zahanati humfikia mlezi. Kwa miezi yote sita hakupimwa damu wala presha.

Jioni moja tulikaa kitandani na fomu ya kuahirisha masomo. Ilikuwa na visanduku vitatu vya sababu: ugonjwa, ada na msiba. Alishika kalamu kwa muda mrefu, kisha akaweka alama kwenye ugonjwa.

Sina ugomvi na chuo cha kanisa kufundisha usafi wa moyo na mwili. Mimi mwenyewe nilikichagua kwa sababu hiyo. Kinachoniuma ni kwamba kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya kumlinda ndiyo iliyomfungia mlango wa zahanati. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza, aliyekuwa mwakilishi wa wanafunzi katika kamati ya nidhamu

Nilikaa katika kamati hiyo kwa mwaka mzima, na nitasema nilichokiona. Mwanafunzi alikuwa akipewa barua jioni akitakiwa kufika asubuhi inayofuata, na barua yenyewe ilisema tu kwamba ametuhumiwa kwa “mwenendo usioendana na maadili ya taasisi”, bila kutaja siku, mahali wala tendo. Kiti chake kiliwekwa mwisho wa meza ndefu, mbali na wengine, na mkononi alishika ile barua aliyokuwa ameikunja mara nne. Aliyeiandika barua, aliyekusanya ushahidi na aliyeongoza kikao alikuwa mtu mmoja. Sidhani kama mtu huyo alikuwa na chuki. Alikuwa amebebeshwa kazi tatu ambazo haziwezi kukaa pamoja.

Niliposoma zaidi juu ya jambo hili nilikuta kwamba wazo la chuo kushika nafasi ya mzazi lina historia ndefu mahakamani. Mwaka 1913, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, Berea College, chuo chenye mizizi ya Kikristo, kilishtakiwa na mwenye mgahawa kwa kuwakataza wanafunzi wasile kwake, na mahakama ikakubali kwamba chuo kina mamlaka kama ya mzazi juu ya mwenendo wao. Mwaka 1961 mahakama nyingine ya Marekani, katika shauri la wanafunzi waliofukuzwa chuo cha umma Alabama, iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa nidhamu bila kumjulisha tuhuma na kumpa nafasi ya kujitetea. Uamuzi huo haukugusa vyuo binafsi, na hapa ndipo vyuo vya makanisa vinapohitaji umakini wa pekee, kwa kuwa ulinzi wa mwanafunzi huko hutegemea sana kile ambacho chuo kimekiandika katika kitabu chake chenyewe. Kama kitabu hakisemi nani anaweza kukata rufani, kwa nani na ndani ya siku ngapi, mwanafunzi hana pa kushika.

Kabla ya kuondoka tulifanikiwa kupitisha mambo mawili: barua itaje tendo na tarehe, na anayetuhumu asikae katika kikao kinachoamua. Tuliomba pia mwanafunzi aruhusiwe kuja na mtu wa kumsindikiza, hata kama haongei. Hilo lilikataliwa, na mpaka leo naamini lilikuwa dogo kuliko yote tuliyoomba.

Mchangiaji wa pili, Mwislamu aliyehitimu chuo cha Kikatoliki

Kwangu shida ilikuwa kadi ya mahudhurio ya ibada. Iligongwa muhuri kila wiki, na waliopungukiwa mihuri waliitwa ofisini mwisho wa muhula. Nilihudhuria mwaka wa kwanza wote nikikaa benchi la nyuma, si kwa sababu mtu alinilazimisha kwa maneno, bali kwa sababu sikujua kama ninaweza kuuliza.

Aliyenifumbua macho ni mhadhiri wa theolojia, tena padre. Alinionesha *Ex corde Ecclesiae*, waraka wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, unaosema kwamba mafundisho na nidhamu ya Kikatoliki yaongoze shughuli zote za chuo, lakini uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Nilikwenda kwa mlezi na nakala ya ukurasa huo, nikapewa msamaha wa maandishi. Rafiki yangu Msabato alipata vivyo hivyo kuhusu mitihani ya Jumamosi, ingawa yeye alilazimika kuomba upya kila muhula na kila mara kusubiri jibu hadi siku za mwisho, jambo lililomnyima usingizi kuliko mitihani yenyewe.

Naomba nisisitize: msamaha huo ulikuwapo siku zote. Ulikuwa haujaandikwa mahali ambapo mwanafunzi mgeni angeuona.

Mchangiaji wa tatu

Nitakuwa mfupi. Nilikulia katika nyumba iliyovunjwa na pombe, na bweni lisiloruhusu pombe kabisa lilikuwa mahali pa kwanza maishani mwangu nilipolala bila kusikiliza hatua za mtu mlangoni. Matroni alikagua vyumba kila usiku, na wengi walinung’unika, lakini mimi nilikuwa nasubiri taa yake ipite ndipo nisinzie. Tunapozungumzia kulegeza kanuni, naomba tukumbuke kwamba wapo ambao kanuni hizo ndizo ustawi wao.

Mchangiaji wa nne, kasisi wa chuo

Nimewasoma nyote kwa uzito, na hasa ndugu aliyetangulia, kwa maana tunasahau haraka watu kama yeye.

Upande wangu, mwanafunzi mmoja alinijia kwa majuma kadhaa akisema kwamba halali usiku na kwamba mawazo yake yanamtisha. Nilimsindikiza mwenyewe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Muda mfupi baadaye ofisi ikaniomba kumbukumbu za mazungumzo yetu, kwa kuwa kijana huyo alikuwa amekosa vipindi na suala lake limefika kwenye nidhamu. Nilikataa.

Watu huchanganya mambo mawili hapa. Siri ya kitubio haina mjadala: kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema siri hiyo haivunjwi, na padre hawezi kumtoa mtubuji kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote. Lakini wanafunzi wengi hawaji kuungama, wanakuja kuzungumza, na mazungumzo hayo hayana kinga ileile isipokuwa chuo kiwe kimeandika hivyo katika sera yake. Kwa hiyo siku hizi humwambia mwanafunzi mwanzoni, kabla hajafungua kinywa, kwamba nitayatunza atakayosema, ila maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini nitatafuta msaada, na nitamweleza kwanza. Hakuna aliyenyanyuka akaondoka kwa kusikia hayo. Huwa wanavuta kiti karibu zaidi.

Mchangiaji wa tano, aliyekuwa waziri wa afya na ustawi katika serikali ya wanafunzi

Tulipotaka kubadili kanuni zetu, hoja iliyotusaidia ilitoka Brigham Young University, chuo cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambacho kinajulikana kwa kanuni kali za mwenendo. Mwaka 2016 wanafunzi walijitokeza wakisema kwamba walipotoa taarifa za kushambuliwa kingono, wao wenyewe walichunguzwa kwa kukiuka kanuni, kwa mfano kunywa pombe au kuwa chumbani kwa mtu saa zisizoruhusiwa. Chuo kiliunda baraza la ushauri, na Oktoba mwaka huohuo likatoa mapendekezo 23, likiwamo la kutomwadhibu anayetoa taarifa kwa makosa ya mwenendo yanayohusiana na tukio, na la kutopeleka taarifa zake ofisi ya nidhamu bila ridhaa yake. Chuo kiliyapokea.

Tuliwaeleza wakubwa wetu kwamba chuo kile hakikufuta kanuni zake juu ya pombe wala juu ya maadili. Kilitenganisha tu dawati linalopokea aliyeumizwa na dawati linaloadhibu. Kwetu ilichukua vikao vingi. Mwisho mnasihi alihamishiwa jengo lingine, lenye mlango usiotazamana na utawala, na wanafunzi wakaanza kwenda.

Mwanzisha mada

Asanteni sana, na Padre, shikamoo. Mmoja wenu ameniuliza kwa ujumbe kilichompata mwenzangu. Alijifungua salama nyumbani kwao, akakaa mwaka mmoja, kisha akarudi akalazimika kuomba nafasi upya kana kwamba hakuwahi kusajiliwa, kwa sababu rekodi zilionesha mgonjwa ambaye hakuleta cheti cha daktari. Alimaliza shahada yake. Sasa anafanya kazi katika ofisi ya usajili ya chuo kingine cha kanisa, na majuzi alinitumia picha ya fomu yao ya kuahirisha masomo. Ina visanduku vinne, na cha nne kimeandikwa: ujauzito na malezi ya mtoto.