Kikundi cha familia: Kifua cha Baba

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Baba kifua kinambana. Kilianza akipanda ngazi, akakaa kikatulia. Sasa kimerudi na amekaa tu. Yeye anasema ni gesi.

Mama Rehema: Marahaba mwanangu. Gesi hiyo. Mpe dawa ya kiungulia ajilaze.

Kaka Idi: *Imesambazwa mara nyingi* UKISHIKWA NA MOYO UKIWA PEKE YAKO KOHOA KWA NGUVU MFULULIZO!!! Watumie watu 10 uokoe maisha

Zawadi: Kaka Idi tafadhali futa hiyo. Kukohoa hakuzibui mshipa wa moyo ulioziba, kunapoteza muda tu.

Zawadi: Hamisi, yanachoma au yanabana? Yanakwenda mkononi, shingoni, mgongoni? Anatoka jasho?

Hamisi: Yanabana. Ameweka kiganja kizima katikati ya kifua. Taya nayo inamuuma, anadai ni jino. Jasho lipo, na feni inazunguka.

Zawadi: Basi tusibishane. Piga simu ya dharura sasa hivi, uombe gari la wagonjwa. Mjomba asiendeshe, asitembee tembee, akae ameegemea. Aspirini inamdhuru? Ana vidonda vya tumbo, au anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda?

Hamisi: Hana vidonda, dawa ni ya presha tu.

Zawadi: Waulize hao wa dharura. Wakikubali, mpe aspirini miligramu 300, aitafune.

Hamisi: Napiga.

Shangazi Mwajuma: Ewe Mola. Zawadi, mbona mimi kifua kiliuma vilevile nikaambiwa ni asidi? Mtu atajuaje?

Zawadi: Mama, kiungulia mara nyingi huchoma, kinapanda kooni na uchungu wake, na ukiinama au ukilala kinazidi. Lakini koo la chakula na moyo hupeleka habari za maumivu kwa njia zinazokaribiana, ndiyo maana hata daktari haamini maelezo matupu. Na dawa ya asidi ikikutuliza, hiyo bado si ushahidi kwamba moyo ni mzima.

Zawadi: Ukibonyeza kwa kidole pakauma papo hapo, au ukijigeuza pakauma, huenda ni misuli au mbavu. Kichomi ukivuta pumzi, pamoja na homa na kikohozi, fikiria nimonia. Kikija ghafla, pumzi zikakata, na mguu mmoja umevimba au mtu ametoka kufanyiwa upasuaji, hapo naogopa donge la damu limekwenda kwenye pafu. Hiyo nayo ni ya kukimbiza hospitali.

Mama Rehema: Mimi nilihisi kuungua upande mmoja siku kadhaa, vipele vikatoka baadaye. Mkanda wa jeshi.

Zawadi: Naam, nao hujificha hivyo.

Shangazi Mwajuma: Na wasiwasi je? Maana sisi wanawake tukisema kifua tunaambiwa tuna mawazo.

Zawadi: Hofu huleta maumivu ya kweli kabisa, ila hilo liwe jibu la mwisho, baada ya vipimo. Na wewe Mama una sukari, usingoje kubanwa. Mwenye sukari anaweza kupata mshtuko wa moyo akaona uchovu wa ghafla, kichefuchefu na kuishiwa pumzi tu.

Hamisi: Tumefika. Wamempima umeme wa moyo kabla hata sijaandikisha jina. Hakionyeshi kitu. Baba anavaa viatu, "nilisema ni gesi".

Zawadi: MVUE. Kipimo cha kwanza kinaweza kuwa safi na moyo unaumia. Wamechukua damu?

Hamisi: Wamechukua. Watachukua tena baada ya saa 3.

Zawadi: Wanatafuta troponini. Msuli wa moyo ukijeruhiwa huivujisha kwenye damu, ila inapanda polepole, ndiyo maana wanarudia. Asitoke.

Kaka Idi: Nimefuta ule ujumbe. Niko njiani.

Hamisi: Ya pili imepanda. Ni mshtuko wa moyo. Wanamlaza, watapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa waone palipoziba. Ametulia, haongei sana.

Shangazi Mwajuma: Ya Rabi. Mwambie dada yake yupo.

Zawadi: Watataka majina ya dawa zake za presha na vipimo vyake. Nani ana zile karatasi?

Mama Rehema: Ninazo mimi. Nakuja nazo.