Tairi za ply 10 zinatikisa pikapu, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina Hilux, tairi 265/65R17. Mwezi uliopita nilifunga za ply 10, yaani zile ngumu za kubebea mizigo mizito, nikiwaza mizigo ya korosho. Tangu hapo, gari likiwa tupu linarusha vibaya. Juzi kutoka Newala kuja Mtwara mama, ambaye mgongo unamsumbua, alishikilia dashibodi njia nzima. Iliniuma sana.

Nimeshusha upepo toka PSI 45 hadi 36, nafuu ni ndogo. Kushusha zaidi naogopa, tairi zitachemka nikipakia.

Msimu nabeba kama kilo 800, miezi mingine tupu. Je, tairi laini zenye namba 112 ubavuni, yaani kilo 1120 kila moja, zitahimili changarawe na mzigo huo? Au tatizo ni springi za nyuma?